Viatu Nimeviacha Ng'ambo

Kutoka wodi ya upasuaji hadi mlango wa thieta ni hatua mia moja na kumi na mbili, ukizihesabu kwa miguu ya Mama Korido, ambayo ni mifupi lakini haijui uvivu. Unaipita stoo ya mashuka, unakata kona penye dirisha la dawa, unapanda kiinuko kidogo cha saruji, na hapo unaiona milango miwili ya kijani inayofunguliwa kwa kusukumwa. Miaka kumi na mmoja mama huyu alikuwa akiwasukuma wagonjwa njia hiyo hiyo, kwenda wakiwa macho na kurudi wakiwa wamelala. Jina lake la kitambulisho liko kwenye faili, na huko ndiko linakokaa. Hata mumewe akipiga simu hospitali huomba kuongea na Mama Korido.

Machela yake ilikuwa na gurudumu moja korofi, la mbele upande wa kushoto, lililolia "kwii" kila baada ya hatua nne. Fundi wa hospitali alilitia mafuta mpaka akanyoosha mikono. Mama Korido hakulalamika. Yeye ni mwanakwaya tangu usichana, na mwanakwaya akipewa mdundo hawezi kuuacha upotee bure. Alitafuta wimbo unaoendana na ile "kwii", akajaribu mmoja, akajaribu wa pili, wa tatu ukakaa sawasawa kama kifuniko na sufuria yake. Beti tatu, kiitikio mara nne, na neno la mwisho linamfikisha mlangoni.

Kanisani mwalimu wa kwaya alikuwa amemsukumia safu ya nyuma kabisa, karibu na dirisha, eti sauti yake inawameza wenzake. Koridoni hakuna wa kumezwa. Kuta ni za vigae hadi kifuani, dari iko juu, sauti inakwenda na kurudi ikiwa imenenepa. Mama Korido akiimba pale alijisikia mtu mkubwa, na nani atamlaumu? Mshahara wa mhudumu wa wodi hauna mengi ya kujivunia.

Na ule wimbo ulikuwa na kazi zake. Ukifika penye dirisha la dawa, nesi wa thieta aliusikia, akaweka kikombe chake cha chai chini na kuifungua milango. Mfagizi aliinua ndoo yake. Ndugu waliokuja kuona wagonjwa walijibana ukutani bila kuambiwa. Shughuli nzima ilikwenda yenyewe, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kukaa chini akayasikiliza maneno.

Aliyeyasikiliza ni Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mzee mstaafu wa hesabu, mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Alikuja kukatwa ngiri, upasuaji ambao daktari alimwambia ni wa kawaida mno, asubuhi anaingia, kesho anakwenda nyumbani. Alivuliwa nguo, akavishwa lile gauni la kijani lisilo na mgongo, akaondolewa miwani. Mama Korido mwenyewe akamvua kandambili, akazitia kwenye mfuko wa plastiki na kuuweka chini ya kitanda chake. Kisha akashika machela, gurudumu likalia "kwii", naye akafungua kinywa:

"Nimevuka, nimevuka, viatu nimeviacha ng'ambo..."

Mwalimu akapapasa miguu yake mitupu. Wakapita stoo ya mashuka, ubeti wa pili ukaanza:

"Wasalimuni watoto, wasinitafute jioni..."

Mwalimu alikuwa na watoto watano. Akashika chuma cha machela kwa mikono miwili.

"Simamisha," akasema.

"Tunakaribia, Mwalimu, kona tu hiyo."

"Nimesema simamisha! Mama, niambie ukweli. Daktari amekwambia nini?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu mimi! Mimi nimekuja kukatwa ngiri. Sikuja kuzikwa!"

Mama Korido akamwangalia kwa mshangao wa kweli, maana yeye alikuwa anasikia gurudumu tu. Alijaribu kumtuliza kwa kumwambia kwamba huu ni wimbo mzuri sana, kanisani kwao huuimba kila wanapomsindikiza mtu. Mwalimu akauliza kumsindikiza wapi. Mama Korido, ambaye kusema uongo hakukuzoea, akajibu, "Makaburini."

Walipofika thieta presha ya Mwalimu ilikuwa imepanda mpaka nesi akadhani kipimo kimeharibika. Wakapima mara tatu. Daktari akasema hakatwi mtu leo, arudi Alhamisi ijayo. Mwalimu akasukumwa kurudi wodini, safari hii kimya, akaomba miwani yake, kalamu, na karatasi yenye mistari.

Barua ile ilikuwa ukurasa mmoja, mwandiko wa ubaoni, haina neno lililokatwa. Hakumtukana mtu. Aliandika kwamba yeye si mtu wa kusali na hamkatazi anayesali. Nyumbani kwake anapita mhubiri mwenye kipaza sauti kila asubuhi, naye akichoka hufunga dirisha. "Lakini hapa," aliandika, "nilikuwa nimelazwa chali, nimevuliwa viatu na miwani. Mtu wa hali hiyo hawezi kufunga dirisha wala kuondoka."

Metroni alimwita Mama Korido ofisini siku ile ile. Alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, angeweza kuwa binti yake, na ilimwia vigumu. Alimpa kiti, akapanga faili ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

"Mama, kuanzia leo hakuna nyimbo za dini wala maombi ya sauti koridoni. Wala wodini."

"Miaka kumi na mmoja, Metroni!"

"Najua, mama."

"Kwa hiyo nimekatazwa Mungu?"

"Hujakatazwa Mungu. Umekatazwa korido."

"Na nikijisahau?"

Metroni akashusha macho. "Ukijisahau mara moja tu, nitakuhamishia chumba cha kufulia. Si mimi, mama. Imetoka juu."

Chumba cha kufulia kiko nyuma ya jengo, mashine nne zinanguruma kutwa nzima, na ukiimba humo hata wewe mwenyewe hujisikii. Mama Korido alitoka ofisini. Hakuogopa kufua. Aliogopa kuiacha ile korido, ile saa ambayo mtu anamkabidhi roho yake kwa hatua mia moja na kumi na mbili. Kazi nyingine hospitalini zilikuwa kazi. Ile ilikuwa yake.

Nyumbani alimkuta mumewe, ambaye ni kinyozi, anasafisha mashine zake kwa mswaki mkuukuu. Akamwaga yote, huku amejishika kiuno, akitegemea mume atawaka kama yeye. Kinyozi aliendelea kusugua.

"Mama watoto, unajua mimi nikishika wembe huwa siongei mambo ya siasa?"

"Siasa inahusu nini hapa? Mimi nazungumzia imani yangu!"

"Subiri. Mteja akiwa na wembe shingoni, nikimwambia chama changu ndicho bora, atasema nini?"

"Atakubali."

"Atakubali kabisa! Na nikimwambia jua linatoka magharibi, atakubali. Sasa nitajuaje kama amekubali au ameogopa wembe?"

Mama Korido alimwambia kwamba kama angetaka kusikia habari za wembe angeolewa na mchinjaji. Akaenda jikoni, akagonga sufuria zaidi ya ilivyohitajika. Lakini maneno yalikuwa yameshaingia, na hayo ndiyo yaliyomkera zaidi. Hakuna kitu kinachouma kama mume mwenye haki.

Wiki ile ya ukimya ilikuwa balaa tupu. Siku ya kwanza alikuta milango ya thieta imefungwa, akasimama na mgonjwa wake nje kama mgeni asiyekaribishwa, nesi ndani anakunywa chai yake kwa raha. Siku ya pili machela ilipitia ndoo ya mfagizi na maji yakafika hadi dirisha la dawa. Wageni walijaa njiani. Na gurudumu, ambalo zamani lilikuwa mpiga ngoma, sasa lililia peke yake, "kwii", kimya, "kwii", mpaka mgonjwa mmoja akauliza ni nini hicho kinachonung'unika.

Mwenzake wa zamu aliitwa Kaka Kofia, Mwislamu mpole ambaye kofia yake ya kufuma haikuwahi kuonekana mbali na kichwa chake. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu mwanzo. Mama Korido alimkabili kwenye benchi la kupumzikia.

"Wewe mbona hukatazwi? Nakuona midomo yako ikicheza kila unaposukuma."

"Inacheza, dada, lakini haina sauti. Mimi namwombea mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe si lazima ajue."

"Na hiyo kofia?"

Kaka Kofia akacheka. "Hii walinikatalia mwaka wa kwanza. Wakasema thieta ni kofia ya thieta tu. Nilinuna wiki nzima, kama wewe hivi. Mwisho wakakubali niivae, mradi ile yao niivae juu yake. Kofia juu ya kofia! Joto lake usiniulize."

"Kwa hiyo walishinda wao."

"Kichwa changu kimefunikwa, na wao vijidudu havijaingia. Mimi sijui nani alishinda, dada."

Alhamisi ikafika, na Mwalimu naye akafika. Mama Korido alitamani Kaka Kofia ndiye amsukume mzee, lakini mwenzake alikuwa wodi ya pili. Akaingia, amevaa uso wa kazi. Mwalimu alikuwa tayari ameshavaa gauni, miwani imetolewa, na alipomtambua aliivuta shuka hadi kidevuni.

Mama Korido akachukua kandambili zake. Safari hii hakuzitia mfukoni haraka. Akasimama nazo mkononi.

"Mwalimu, nisamehe. Ule wimbo sikuwahi kuyasikiliza maneno yake."

"Miaka mingapi umeuimba?"

"Kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja! Ulikuwa unasikiliza nini sasa?"

"Gurudumu."

Mwalimu alimkodolea macho yake yasiyoona vizuri. Kisha kicheko kikamtoka, kikamgusa ngiri, akajishika tumbo akisema aha, aha, usinichekeshe mama, huko ndiko kunakouma. Naye Mama Korido akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile, na kwa sababu kicheko kilimlegeza akauliza swali ambalo hakuwa amelipanga.

"Leo unataka nikufanyie nini mpaka mlangoni?"

Mwalimu akaishusha shuka kidogo. Hakuna aliyekuwa amemwuliza chochote tangu avuliwe nguo zake.

"Mimi sisali, mama. Usinifiche kitu katikati ya maneno."

"Nimekuelewa. Ninyamaze?"

"Hapana, usininyamazie. Siku ile waliponirudisha kimya niliogopa zaidi." Akafikiri kidogo. "Jedwali la saba unalijua?"

"Nililijua."

"Basi tutalisema pamoja."

Wakatoka wodini. "Kwii." Saba mara moja, saba. Saba mara mbili, kumi na nne. Mama Korido alianza kwa kunong'ona, maana aliogopa hata hesabu isije ikamhamishia kwenye mashine za kufulia. Lakini jedwali la saba lina mdundo wake, na gurudumu likalipokea bila ubishi. Kufika saba mara tano sauti yake ilikuwa imeshajaa korido, tena akaitia kidogo madoido ya kwaya. Mfagizi akainua ndoo. Wageni wakajibana ukutani.

"Saba mara nane, hamsini na nne!" akaimba Mama Korido.

"Rudi nyuma!" akafoka Mwalimu kutoka machelani, kidole juu. "Hamsini na sita! Anza tena saba mara sita!"

Penye dirisha la dawa alikuwa amesimama Metroni na makaratasi yake. Mama Korido alipomwona alitaka kunyamaza, lakini huwezi kumwacha mzee kwenye saba mara sita. Akapita akiimba arobaini na mbili.

"Hiyo nayo ni dini gani?" Metroni akauliza.

"Hesabu, Metroni!"

"Na huyu ni muumini mbaya," akaongeza Mwalimu. "Hajui saba mara nane."

Milango ya kijani ikafunguliwa yote miwili, maana nesi alikuwa amesikia. Presha ilipimwa mara moja tu, ikatosha. Ngiri ikakatwa, na kesho yake Mwalimu akaenda nyumbani na kandambili zake miguuni. Kabla ya kuondoka alipita ofisini kwa Metroni. Kule nje Mama Korido alitumaini kwamba amekwenda kuifuta barua. Wapi! Mwalimu aliomba ibaki kwenye faili, kwa kuwa kila neno lake lilikuwa sahihi. Aliongeza ukurasa wa pili tu. Humo aliandika kwamba mhudumu huyu asihamishwe kwenda popote, ila afundishwe jambo moja, kuuliza, na kwamba jambo hilo ameshajifundisha mwenyewe.

Metroni alipeleka kurasa zote mbili juu, na zilikaa huko siku kumi, Mama Korido akisukuma roho ikiwa mkononi. Zikarudi na sentensi moja: mgonjwa aulizwe kwanza, na akitakacho kifanywe kwa sauti ya kumtosha yeye. Sehemu ya pili ilimwuma. Sauti ya kumtosha mtu mmoja! Afadhali wangemwambia atembee bila magoti. Na milango je, nani ataifungua? Kaka Kofia akaleta kengele ya baiskeli ya zamani, akaifunga kwenye chuma cha machela. Ukifika penye dirisha la dawa unapiga mara mbili, "kring kring", na nesi anaweka chai chini. Kengele haina dhehebu.

Tangu hapo Mama Korido aliyajua mambo ya watu ambayo miaka yote alikuwa ameyafunika kwa sauti yake. Mama mmoja alimwomba anyamaze, kwa sababu alikuwa na dua zake mwenyewe na wimbo ungemchanganya. Kijana mmoja alitaka atangaziwe mpira, na Mama Korido, asiyejua mpira, akamtangazia goli likifungwa na golikipa. Mwingine alitaka tu ashikwe mkono, lakini machela ina mikono miwili ya kusukuma, hivyo Kaka Kofia ikabidi aje asukume. Wengi, tuseme kweli, waliomba wimbo. Aliwaimbia mwingine, wa asubuhi, ambao haukuendana na gurudumu hata kidogo. Ule wa viatu aliuacha kabisa. Alikuwa ameapa hautatoka tena kinywani mwake.

Halafu akaja bibi mmoja wa mawe ya nyongo, mdogo kama tende, mwenye raba nyeupe za michezo ambazo mjukuu wake alimnunulia na ambazo alizivaa hata kitandani. Ilichukua maneno mengi kumvua. Mama Korido akauliza swali lake.

"Niimbie ule wa kuvuka," akasema bibi.

Mama Korido akashtuka. "Bibi, ule si wa hapa. Nitakuimbia mwingine mzuri."

"Mwanangu, mimi ndiye niliyeuongoza siku tuliyomzika babu yao. Kila neno nalijua. Umeniuliza nataka nini, nami nimekwambia."

"Hutaogopa?"

"Nitaogopa. Ndiyo maana nautaka."

Wakatoka. Mama Korido aliinama mpaka kinywa chake kikawa karibu na sikio la bibi, akauanza, chini kabisa, sauti ya sikio moja. Wageni waliojibana ukutani hawakusikia chochote zaidi ya gurudumu. Na kwa kuwa sauti ilikuwa ndogo, haikuwa na ukuta wa kupiga na kurudi, ilibidi ayasikie maneno yenyewe, moja baada ya jingine, kama mtu anayesomewa barua yake mwenyewe. Nimevuka. Viatu nimeviacha. Wasalimuni watoto. Kumbe ni mtu anaaga! Ni mtu amesimama ng'ambo, miguu mitupu, anawaaga watu wake, na hana hofu. Macho yalimjaa machozi Mama Korido. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameushika wimbo huu mikononi na hakuwahi kuufungua. Chini yake midomo ya bibi ilikuwa ikifuatisha, imetulia. Penye dirisha la dawa alisahau kupiga kengele, Kaka Kofia akapita na kumpigia.

Baada ya saa mbili alimrudisha wodini amelala, mawe yake yakiwa kwenye kichupa. Zamu ilikuwa imekwisha, lakini Mama Korido hakwenda nyumbani. Alivuta kiti, akakaa karibu na kitanda. Jua lilikuwa bado liko dirishani bibi alipofungua jicho moja, akalifunga, akafungua yote mawili.

"Nimerudi?" akauliza kwa sauti kavu.

"Umerudi, bibi."

"Basi niletee viatu vyangu."

Nesi alikuwa amekataza asisogee mpaka kesho. Mama Korido akainama chini ya kitanda, akafungua mfuko wa plastiki, akamvisha raba zote mbili pale pale alipolala, akazifunga kamba vizuri.